Bikira wa Mlango wa Nyuma

Watoto hamsini na wanane wa Mwalimu Louise walikufa wote siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, na walikufa kwa adabu sana. Aliyetangaza vifo vyao ni Bwana Jean-Marie, mtu wa ofisi ya shule za Kikatoliki. Alikuwa amekaa kwenye kiti uani, simu mkononi, akihesabu dakika.

“Kumi na moja,” alisema. “Barua inasema mbili. Hawa wamekufa, Mwalimu.”

Lilikuwa zoezi tu, usishike kichwa. Barua ilikuwa imetoka Kasongo mjini na mihuri yake, ikitaka kila shule ijifunze namna ya kutoa watoto darasani haraka siku ya hatari, maana upepo wa mwaka uliopita ulikuwa umeezua mapaa mengi kwenye njia ya Kabambare. Na Shule ya Mama wa Msaada, iliyo pembeni ya njia hiyo, upande wa Lusangi, ilikuwa na darasa moja la kutia hofu: la mwaka wa pili, la Louise. Matofali yake yalipigwa wakati wa wamisionari wenye ndevu. Juu ya mlango wa mbele, ule wa chuma, kulikuwa na ufa ambao mtu mzima angeweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo Jean-Marie alisema watoto watoke kwa mlango wa nyuma, mbali na ufa. Ni neno la akili. Ila Jean-Marie alikuwa mgeni, hakujua nani anakaa mlango wa nyuma.

Wakati wa vita, wanakijiji walijificha siku mbili ndani ya chumba kile. Wenye bunduki walikuja mpaka mlango wa nyuma, wakausukuma mara moja, wakaondoka. Kwa nini waliondoka, hakuna ajuaye. Mimi nasema labda waliitwa kula, lakini nani ataniuliza mimi. Mama Rosine, aliyekuwa ndani na mtoto mchanga amemziba mdomo kwa titi, alijua papo hapo ni Bikira Maria aliyewarudisha. Akaweka nadhiri. Vita vilipotulia, wamama wa Rozari walibeba mawe kichwani kutoka mtoni, wakajenga pango la Bikira pale pale kizingitini, mahali viatu vya wale watu vilipokanyaga. Ndani yake wakasimamisha sanamu ya simenti, ndefu kuliko mtoto wa mwaka wa sita, imepakwa rangi ya bluu na nyeupe, na macho yaliyochorwa na mtu ambaye kwa hakika hakuwa amelala vizuri. Pembeni ilibaki nafasi ya mtoto mmoja kupita.

Basi ukipita pale, unapiga goti. Unafanya ishara ya msalaba, unasema “Salamu Maria, utuombee,” ndipo unaendelea na shida zako. Nani aliwafundisha watoto hivyo? Louise mwenyewe. Miaka kumi na mmoja alikuwa mwalimu na katekista, na fimbo yake ndogo ya mpera iliwakumbusha waliosahau. Aliwaambia Mama wa Mungu hapitwi kama mbuzi aliyefungwa njiani. Walisikia. Siku ya zoezi kengele ikagongwa, direkta, mkubwa wa shule, akapiga kelele kwamba moto, moto, moto, na watoto wakapanga mstari mzuri, wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akapiga goti na kumaliza salamu yake. Wa nyuma walingoja zamu. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Direkta Gédéon alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Watu walicheka, na Louise alicheka nao. Lakini mchana, alikaa mbele ya sahani yake ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Aliona ule mstari, vichwa hamsini na vinane, na nyuma yao ukuta wenye ufa. Siku moja ukuta ukishuka kweli, kitakachowaua si ukuta. Ni yeye na fimbo yake. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, akamwachia kuku ile sombe.

Alikwenda kwa Padri Octave kuomba sanamu ihamishwe hatua kumi tu, mpaka kwenye maua. Padri Octave ni mtu mwema, anapenda usingizi wa saa saba mchana na maneno makubwa. Alimsikiliza mikono juu ya tumbo. Kisha akamuuliza kama aliyerudisha bunduki atashindwa na upepo. Akamkumbusha kwamba kila mwaka, mwezi wa tisa, yeye mwenyewe anazunguka darasa lile na maji ya baraka. Hiyo ni kweli. Ule ufa ulikuwa umekunywa maji ya baraka kuliko Mkristo yeyote wa parokia, na bado ulikuwa unaongezeka.  Naye Mama Rosine alipopata habari alisimama mbele ya kanisa, kitenge kimekazwa, akasema anayetaka kumhamisha Bikira aanze kumhamisha yeye.

Direkta Gédéon ndiye aliyepata njia ya katikati, na alijisifia mwezi mzima. Alitoa filimbi yake ya mchezo wa mpira. Ikilia filimbi, ni hatari: hakuna goti, hakuna salamu, ni mbio tu, na Padri ameruhusu. Isipolia filimbi, goti liko palepale. Louise aliwafundisha watoto sheria hiyo wiki mbili, asubuhi na mchana, mpaka waliiimba. Jean-Marie alirudi na simu yake, filimbi ikalia, darasa likamwagika nje kwa dakika moja na sekunde arobaini. Katika karatasi yake aliandika kwamba wamefufuka. Kila mtu alirudi nyumbani ametulia. Louise peke yake aliomba filimbi ikae kwake, darasani. Gédéon alikataa. Filimbi ni chombo cha mkubwa wa shule, alisema, na akaivaa shingoni hata siku za Misa.

Ikafika mwezi wa pili, siku ya Alhamisi. Asubuhi Gédéon alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kasongo. Walikuwa wameitwa madirekta wote kwenye mkutano, na mkutano wenyewe, nakuapia, ulikuwa wa usalama wa watoto shuleni. Filimbi ilikwenda naye shingoni.

Saa tano mbingu ikawa nyeusi. Louise alikuwa ubaoni, anaandika hesabu za kutoa. Upepo ulianza upande wa barabara, mabati yakapiga kelele, kisha mvua ikashuka kwa mara moja hata chaki haikusikika. Aligeuka kutazama ufa. Mwanga wa nje ulikuwa unaonekana ndani yake, unapanuka, unafinyika, unapanuka tena. Tofali moja likadondoka mbele ya mlango wa chuma. Halafu mawili pamoja.

“Tokeni,” alisema. “Mlango wa nyuma.”

Aliweka vidole mdomoni apige mluzi, yakatoka mate tu. Lakini watoto walikuwa wamesimama tayari, wanapanga mstari kama walivyofundishwa. Wa kwanza alikuwa Sarah-Grâce, mjukuu wa Mama Rosine, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, rozari anaijua kuliko wakubwa wengi. Akatoka kwenye mvua. Akafika kwa Bikira. Akapiga goti.

Louise alimpigia kelele apite. Mabati yalikula ile sauti yote. Alimwona mtoto anagusa paji la uso, anagusa kifua, bega, bega, polepole, maana alikuwa amefundishwa kwamba ishara ya msalaba ya haraka ni ya kufukuza nzi. Na hamsini na saba nyuma yake wanangoja. Louise akapanda juu ya viti, akawaruka, akakanyaga mkono wa mtu, akatoka. Alimnyanyua Sarah-Grâce kwa kwapa, akamtupa kwenye majani. Kabla hajageuka, wa pili alikuwa ameshapiga goti. Huyo alikuwa Bulaimu, mtoto wa Mwislamu wa sokoni, ambaye hata ubatizo hana. Fimbo ya Louise haikuwahi kuuliza dini ya mtu.

Ndipo alipoelewa. Angeweza kuwanyanyua mmoja mmoja, na nyumba isingemngoja. Mama akiwa amesimama pale, magoti yatakunjika. Nyuma yake alisikia ukuta unalia, sauti ya mfupa. Hakusema sala yoyote ndefu. Alisema “unisamehe, Mama,” akaweka bega kwenye ubavu wa Bikira, akasukuma. Sanamu ilikuwa tupu ndani, nzito kama gunia la mihogo. Iliyumba, ikamtazama na yale macho yake, ikaanguka kifudifudi nje ya pango, kichwa kikakatika na kuviringika mpaka kwenye maua.

Watoto walishangaa kidogo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumpigia goti, walitoka wote, kama maharagwe ya gunia lililopasuka, wanaruka juu ya joho la bluu. Louise aliwahesabu kwenye mvua. Hamsini na wanane. Alikuwa anarudia kuhesabu wakati paa liliponyanyuka upande wa mbele, ukuta wa ufa ukashuka ndani, juu ya viti vyao. Mtoto mmoja alichubuka goti. Louise alikaa kwenye matope akalia, na hakuona haya.

Watu walifika mbio, Padri Octave mbele, mabuti ya mpira miguuni. Aliona darasa limekaa chini. Aliona watoto wote wazima. Aliona Bikira amelala mlangoni, hana kichwa. Alipiga magoti kwenye matope bila kutazama kanzu. Na Mama Rosine, mjukuu wake kifuani, alisema neno ambalo kila mtu alilishika.

“Ameinama. Ameinama ili batoto wapite.”

Basi ikawa hivyo. Jioni habari ilikuwa Lusangi. Jumapili ilikuwa imefika Nyangwe, na kule Bikira alikuwa ameshikilia paa kwa mikono miwili mpaka wa mwisho alipotoka. Watoto walisema nyumbani kwamba ni Mwalimu aliyemsukuma. Walipigwa makofi kwa kusema uongo. Fikiria jambo hilo: watoto hamsini na wanane wanasema neno moja, na hakuna mkubwa hata mmoja anayewaamini.

Na Louise? Louise alinyamaza. Sitamtetea. Siku ya kwanza alikuwa anawarudisha watoto kwa mama zao. Siku ya pili wamama walikuja kumbusu mikono kwa sababu alikuwa amesimama karibu na muujiza. Siku ya tatu ilikuwa imechelewa, na alijua atapoteza kazi na ukatekista, na pengine atapigwa mawe kidogo. Siku ya tano alikwenda kuungama. Alimwambia Padri Octave kila kitu kupitia kitundu cha kitubio, hata maneno aliyoyasema wakati anasukuma. 

“Nimesikia kama padri,” Padri alisema mwishoni. “Kama paroko, sijasikia kitu.”

Akampa malipizi ya rozari tatu, akamfungulia dhambi. Jumapili iliyofuata akahubiri muujiza dakika hamsini. Ni lazima nikubali kwamba alihubiri vizuri sana, na watu walilia.

Louise angeweza kukaa nao huo muujiza. Haukumdhuru mtu. Lakini baada ya wiki mbili kamati ya parokia ikaonyesha mchoro wa darasa jipya. Sanamu mpya ingekuja kutoka Bukavu, ndefu mara mbili. Pango jipya lingekuwa pana, na mishumaa, na mahali pa watu kukaa, maana mahujaji walikuwa wanakuja hata kutoka Kabambare. Lingejengwa pale pale ilipoinama ile ya kwanza. Na mlango wa nyuma ungezibwa kwa matofali, kwa heshima. Darasa lingebaki na mlango mmoja wa mbele.

Louise aliuliza kama pango linaweza kusogea. Gédéon, filimbi shingoni, alimjibu kwamba muujiza hausogezwi. Louise alimtazama Padri Octave. Padri Octave alitazama mchoro. Fundi Souleymane, Mwislamu, mtu anayejenga vizuri kuliko wote, alikuwa ameshapewa kazi. Alichimba msingi wa pango siku mbili, na siku ya baraka ya jiwe ikawekwa Jumapili, baada ya Misa.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya komunyo, wakati wa matangazo, mtu wa kamati alisoma ndoa mbili na mbuzi mmoja aliyepotea. Kabla hajakunja karatasi, Louise alikuwa ameshasimama mbele. Padri Octave alimwona, akajua mara moja, akaanza kusimama kutoa baraka ya mwisho. Louise aliongea kabla mkono wake haujapanda.

“Bikira hakuinama. Ni miye nilimusukuma.”

Kwanza watu hawakuelewa. Walifikiri anasema kwa mfano, kama walimu wanavyopenda. Akarudia, safari hii na bega lake, akaonyesha namna alivyosukuma, na kelele ikapanda mpaka kwenye mabati. Mwanaume mmoja alisema atolewe nje. Padri Octave aliinua mikono, akangoja.  Sasa alikuwa amesikia kama paroko.

“Ulimwangusha Mama wa Mungu,” alisema. “Na hukuogopa?”

“Niliogopa, Padri. Lakini yeye mwenyewe ni mama. Mwanawe alipopotea Yerusalemu alimutafuta siku tatu, akamupata muzima. Miye sikukuwa na siku tatu. Ukuta ulikuwa unashuka, na mulango ulikuwa umezibwa na mutoto anayepiga goti.”

Hapo Mama Rosine akasimama kwenye kiti cha mbele cha wamama wa Rozari. Hakupaza sauti. Aliuliza ni mtoto gani.

 Louise alikuwa amepanga kusema yote isipokuwa hilo, kwa sababu alijua mtoto atalibeba maisha yake yote. Alitazama chini, kwenye vidole vyake vya miguu.  Kisha kwenye viti vya watoto mmoja akasimama juu ya kiti ili aonekane.

“Ni miye, koko,” Sarah-Grâce alimwambia bibi yake. “Filimbi haikulia. Mwalimu alitufundisha, bila filimbi tunapiga goti.”

Alilisema bila hofu, kama mtoto anayejua jibu la somo. Louise alisikia hilo “alitufundisha” likimwingia na kukaa. Lilikuwa la kweli, na zile rozari tatu hazikuwa zimelifikia.

“Ni kweli,” alisema. “Ni miye nilimufundisha. Miaka kumi na mumoja ninafundisha hivyo. Ndiyo maana sitaki muzibe ule mulango.”

Padri Octave alitoa baraka fupi kuliko zote ambazo parokia ile imewahi kupokea. Watu walitoka wakisukumana, wengine wanamlaani Louise, wengine wanawatafuta watoto wao waliowapiga makofi ya uongo. Hakuna aliyeimba wimbo wa mwisho. Gédéon alitoka ameishika filimbi ndani ya kiganja, kwa mara ya kwanza hataki ionekane.

Nje, Fundi Souleymane alikuwa anangoja pembeni ya msingi, amevaa kofia safi kwa heshima ya sherehe ya watu wengine. Mama Rosine alikwenda moja kwa moja mpaka kwake, mjukuu mkononi. Alimuuliza matofali ya kuziba mlango yangeanzia wapi, naye akamwonyesha kwa kamba. Mama Rosine aliiangalia ile kamba kwa muda mrefu. Aliangalia na yale mawe ya pango la zamani, ambayo mengine aliyabeba yeye kichwani, akiwa na mtoto mgongoni. Kisha akachukua beleshi, akiwa na kitenge chake cha Jumapili, na kuanza kurudisha udongo kwenye shimo.

Souleymane alimwambia kwa upole kwamba amechimba siku mbili.

“Ulichimba vizuri, fundi. Utachimba tena kule kwenye maua,” Mama Rosine alisema, bila kuacha kazi. “Na haya mawe ya zamani uyatoe. Mutoto apite.”

Louise alikuwa amesimama mbali kidogo, hajui kama anaruhusiwa kukaribia. Aliona jembe limeegemea ukuta wa nyuma, uliobaki umesimama. Alilichukua, akaanza upande wa pili wa shimo, na wale wamama wawili walisukuma udongo mpaka shimo likajaa.